Maji ya Mdomoni

Manyunyu alipuliza maji kwenye shati jeupe la mteja, na maji yakatoka na damu.

Haikuwa damu nyingi. Vilikuwa vitone vidogo vidogo, vyekundu vilivyofifia, vimetapakaa kuanzia mfukoni hadi kwenye kola. Lakini shati lilikuwa jeupe pe, na mwenye shati alikuwa papo hapo, amekaa kwenye benchi na fulana yake ya ndani, tai ameishika mkononi kama kamba ya mbuzi, akisubiri kuvaa akimbilie usaili wa kazi. Alikuwa anaongea na simu. Akimaliza kuongea angeinua macho, na akiinua macho ingekuwa basi.

Lazima mtu aielewe kazi yenyewe ndipo aone ubaya wa jambo hilo. Shati la pamba likikauka kabisa halisikii pasi. Utalikandamiza mpaka mkono ufe ganzi, na mikunjo itabaki inakucheka. Likilowa sana nalo linachemka chini ya pasi, linanasa majivu, linageuka njano. Linatakiwa liwe na unyevu tu, kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga akajifuta. Wengine unyevu huo wanautia kwa kunyunyiza na vidole, wengine kwa chupa ya kupuliza. Yeye aliutia kwa mdomo. Alibugia maji kutoka kwenye kopo, akabana midomo, akapuliza, na kilichotoka hakikuwa tena maji, ni ukungu. Ungeuona umening'inia kwenye mwanga wa mlangoni kabla haujatua. Kisha aliliviringisha shati kama mkeka, akaliacha kidogo unyevu utembee, ndipo akalikunjua na kulipiga pasi. Mtaa mzima ulimwita Manyunyu kwa ajili hiyo, na jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye kitambulisho.

Mke wake aliwahi kumnunulia chupa ya kupulizia. Aliijaribu mara mbili akaitupa chini ya meza. "Chupa inatema," alisema. "Mimi napuliza."

Sasa alisimama mbele ya shati lile ameduwaa, maji mengine bado yako shavuni, hajui ayateme wapi. Pasi ya mkaa ilikuwa mkononi, imeshika moto barabara. Alijua kwamba damu ikipitiwa na pasi haitoki tena.

Aliyemwokoa ni Pindo.

Pindo alikuwa fundi cherehani. Chumba walikipanga pamoja, mashine ya Pindo upande wa kushoto, meza ya pasi upande wa kulia, viwiko vyao karibu kugusana. Kilikuwa na mlango mmoja wa kutokea barabarani na dirisha moja ambalo Manyunyu alilizibia kwa boksi na misumari, kwa sababu upepo ukiingia unapeperusha majivu ya pasi, na majivu hayana adabu, yanakwenda moja kwa moja kwenye nguo nyeupe. Humo ndani kulikuwa na joto la kuokea mkate. Pindo alilalamika kila siku, na kila siku alivua shati akashona na fulana, tumbo lake kubwa limeegemea mashine. Chai alikunywa bila sukari. "Sukari ninayo ya kwangu, daktari kanipimia," alikuwa anasema, na kucheka, kwa sababu kisukari kilimkuta mapema na yeye hakuona haja ya kukinunia.

Aliviona vile vitone. Hakuuliza kitu. Alichomoa sindano aliyoichomeka kifuani kwenye fulana, akajidunga kidole gumba, akainuka na kukikung'uta kidole juu ya meza ya mwenzake.

"Mama yangu weee! Bosi, nisamehe! Sindano imenila kidole!"

Mteja aliruka, simu sikioni. "Nini? Shati langu hilo!"

"Nimekung'uta mkono bila kuangalia, bosi wangu."

"Wewe una akili kweli? Sakafu yote hii, kuta zote hizi, unakuja kukung'utia damu kwenye shati langu?"

"Ni shetani tu, bosi."

"Usimsingizie shetani! Shetani hashoni nguo!"

Pindo alimwomba radhi mpaka akapiga magoti, na tumbo lile kupiga magoti kwake haikuwa kazi ndogo. Akamtolea shati jeupe jipya alilomshonea mtu mwingine, likamkaa mteja mikono mifupi kidogo, akalivaa hivyo hivyo kwa hasira. Mlangoni aligeuka, akamwambia Manyunyu: "Fundi, na wewe sina neno. Lakini huyo mwenzako muangalie, atakufukuzia wateja."

Alipokwenda, Manyunyu aliyatema nje yale maji. Nayo yalikuwa na wekundu. Akayafunika kwa mchanga na ncha ya kiatu.

"Ni jino," alisema aliporudi ndani.

"Jino gani?"

"La nyuma. Linatoa damu."

Pindo alikuwa anafyonza kidole chake. Alimtazama kitambo. "Basi liling'oe, bwana," alisema, "kabla halijatung'oa sisi hapa." Kisha akalichukua shati la watu, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi na chumvi, akarudi kwenye mashine yake.

Haikuwa jino, na Manyunyu alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua kopo lake la maji. Alikuwa anakohoa tangu msimu wa mvua. Alikuwa analala mkavu na kuamka shuka limelowa. Suruali zake Pindo alikuwa amempunguzia kiuno mara mbili, na ya tatu alipoletewa aliinua futi kamba akatikisa kichwa.

"Wewe mtu unakwenda wapi? Nikikata tena, mifuko ya nyuma itakutana, ishikane mikono."

"Joto la pasi," Manyunyu alisema. "Linanikausha."

"Mbona mimi halinikaushi? Au linachagua?"

Wakacheka wote wawili. Kicheko cha Manyunyu kikageuka kikohozi, akatoka nje, akakohoa ameshika ukuta, akarudi akijitia hamnazo.

Mke wake ndiye aliyefua foronya. Hakudanganyika na habari ya jino.

"Nenda zahanati," alimwambia jioni ile ile, amesimama mlangoni ili asimpishe.

"Nitakwenda."

"Umesema hivyo tangu mvua zianze. Mvua zimekwisha, wewe bado unakwenda tu."

"Mke wangu, hebu fikiri. Mimi natia maji kwenye nguo za watu kwa mdomo. Kwa mdomo! Nikionekana kwenye benchi lile, nani ataniletea hata kitambaa cha kufutia kamasi?"

Benchi alilolisema lilikuwa nje ya zahanati, chini ya bati, mahali penye upepo, kwa ajili ya wenye kukohoa. Lilitazama barabara kuu. Makarani, walimu, watu wa benki, wote walipita hapo asubuhi wakienda kazini wamevaa mashati aliyoyanyoosha yeye. Ukikaa hapo umejitangaza.

"Na ukifa?" mke aliuliza.

"Sijafa."

"Sikuulizi kama umekufa. Mfu ningemwona."

Usiku huo alipanga mpango wake, na kuanzia siku ya pili aliufuata. Nguo nyeupe na za rangi hafifu alizilowesha kwa chupa, ile aliyoitupa chini ya meza. Suruali nyeusi, makoti, sketi za bluu iliyokoza, hizo aliendelea kuzipuliza kwa mdomo kama zamani, mbele ya watu, ili waone kwamba Manyunyu ni yule yule. Kwenye nyeusi damu haionekani. Wateja wawili watatu walinung'unika kwamba mashati siku hizi yana alama za matone. Aliwaambia maji ya bomba yamebadilika. Hakuna aliyeondoka. Manyunyu akashukuru, akaona ameupiga chenga mkosi wake.

Wa kwanza kukohoa chumbani baada yake alikuwa Pindo.

Kilianza kama kusafisha koo. Kisha kikawa kikohozi cha asubuhi, kisha cha mchana. Yule bwana mnene, mwenye sauti ya kujaza chumba, akaanza kukatisha hadithi zake katikati ili akohoe. Siku moja aliweka mkasi chini, akajifuta uso kwa kipande cha bitana.

"Hivi fundi, hiki kifua changu unakionaje?"

Manyunyu alikuwa anakoleza mkaa kwenye pasi. Hakuinua kichwa. Alijua kwamba hapo ndipo pa kusema, maneno yenyewe hayakuwa hata mengi: kaka, nenda kapime, nami nitakwenda na wewe. Yalimfika kooni. Aliyasikia yamekaa pale, mazito, karibu yatoke.

"Vumbi la vitambaa," alisema. "Ile poliesta ya sare za shule. Wewe si umeshona rundo zima?"

"Ee. Kweli. Poliesta ina vumbi baya."

"Kunywa maji ya moto, litashuka."

"Na asali je?"

"Asali na sukari yako ile?"

"Ah, kweli. Basi ya moto matupu." Pindo alicheka, akakohoa, akarudi kushona. Alimwamini. Kwa nini asimwamini? Walikuwa pamoja chumbani humo tangu binti wa kwanza wa Pindo anatambaa chini ya mashine akiokota vifungo, na sasa binti huyo alikuwa na matiti na alimwona baba yake mshamba.

Akanywa maji ya moto. Alikunywa kwa wiki nyingi, kopo baada ya kopo, dirisha limezibwa kwa boksi, mwenzake anakohoa upande wa kulia na yeye anakohoa upande wa kushoto, kila mmoja na sababu yake. Tumbo lake likaanza kushuka. Watu walimsifu. Mke wake mwenyewe alimwambia amekuwa kijana. Manyunyu hakumsifu. Aliona fulana ya mwenzake inavyoning'inia, akageukia meza yake.

Kisha Pindo hakuja kazini. Siku ya pili hakuja. Siku iliyofuata alikuja asubuhi, lakini hakuingia. Alisimama barabarani, mbali na kizingiti, amefunga kitambaa puani na mdomoni. Macho yake yalikuwa yameingia ndani.

"Usisogee, fundi," alisema. "Kaa huko huko."

"Kuna nini?"

"Jana nilianguka bafuni, shemeji yako akanipeleka hospitali. Wamenipima." Alipumzika kidogo, maneno yalikuwa yanamchosha. "Nina kifua kikuu. Kimekwenda mbali, wanasema, na hii sukari imekipa chakula. Natakiwa nilazwe leo, nimewaomba nipite hapa kwanza."

Manyunyu alikuwa na kopo mkononi. Alilishika tu.

"Nimekuja kukuomba msamaha," Pindo alisema.

"Mimi?"

"Tumekaa chumba kimoja, ndugu yangu. Nimekukoholea hapo, hata sijafunika mdomo. Na wewe naona unakohoa siku hizi, umekonda, nimekupunguzia suruali na macho haya haya nikawa naleta mzaha." Alianza kulia, mtu mzima, barabarani, wapita njia wanaangalia. "Nitakuwa nimekuambukiza mimi. Kapime, tafadhali. Kapime leo. Nisiende na hili moyoni."

Kulikuwa na hatua chache kati yao. Mtu angeweza kuzivuka kwa neno moja. Manyunyu alifungua mdomo.

"Usijali, kaka," alisema. "Nitapima."

Pindo aliitikia kwa kichwa, akainua mkono, akageuka. Alikwenda pole pole akishika kuta za watu.

Manyunyu alipima siku hiyo hiyo. Sasa hakuogopa benchi, maana alikuwa na sababu ya kukaa pale ambayo haikuwa na aibu: alikuwa mtu aliyeambukizwa na mwenzake. Karani mmoja alipita, akamwona, akasimama. "Fundi! Hata wewe?" Naye akajibu, "Ni yule mwenzangu, bwana," na karani akasikitika sana.

Ndani alikuta muuguzi, mama wa makamo, mkavu wa maneno. Aliinua picha ya kifua kwenye mwanga.

"Umeanza kukohoa lini?"

"Hivi karibuni. Baada ya mwenzangu kuanza."

Mama aliitazama picha, akamtazama yeye, akarudi kwenye picha. "Shimo hili hapa juu, kulia, si la hivi karibuni. Kifua chako kinasema mambo mengine, baba. Lakini mimi si polisi. Dawa utakunywa miezi sita, kila siku, bila kuruka."

"Na nguo za watu?" Manyunyu aliuliza. "Mimi nazipuliza maji kwa mdomo."

"Ni uchafu, uache. Lakini nguo haziambukizi. Zinapita kwenye pasi, zinakwenda juani, haziwezi kitu. Ugonjwa huu unakaa kwenye hewa ya chumba kilichofungwa." Akaweka picha chini. "Hapo mnapofanyia kazi, dirisha mnafungua?"

Alirudi nyumbani akiwa amebeba mfuko wa vidonge. Alipofika alikaa kitandani na viatu. Miezi yote hiyo alikuwa ameogopa kwa ajili ya watu wa mashati, na watu wa mashati hawakuwa na hatari yoyote.

Mke wake naye alipimwa, akakutwa mzima. Alimwuliza swali moja tu. "Pindo anajua alikipata wapi?"

"Anadhani ni yeye aliyenipa."

Mwanamke aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani. "Utamwambia."

"Nitamwambia."

"Sio kama ulivyokuwa unakwenda zahanati. Utamwambia kweli. Nyanyua mguu uende kabla hajaondoka."

Huku nje habari zilikuwa zimeshika njia yake. Yule bwana wa usaili, ambaye kazi aliipata, kwenye ofisi ya bima, alikumbuka shati lake. Akakumbuka damu. Akaunganisha mambo, na akayaunganisha mbele ya kila aliyetaka kusikia: kumbe haikuwa sindano, yule fundi cherehani alikuwa anatema damu tangu wakati ule, akasingizia kidole. Mtu mnafiki sana. Amemkalia mwenzake akimmalizia hewa. Waliopeleka vitambaa kwa Pindo walikwenda kuvidai bila hata kushonwa. Mwenye nyumba alipompangisha Pindo alimwita kaka, sasa alimwambia mke wa mgonjwa atafute pengine, wapangaji wengine wanaogopa. Na mke wa Pindo, kwa kuwa muuguzi alimwagiza, alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba watu waliokaa karibu na mumewe wakapime. Wengine walimfungia mlango. Mmoja alimmwagia maji ya vyombo.

Manyunyu wakamletea pole. Wakamletea na nguo.

Alikwenda hospitali alipoambiwa na muuguzi kwamba dawa zimeshafanya kazi ya kutosha na hawezi tena kumwambukiza mtu. Wodi ilikuwa na madirisha makubwa, yote wazi, mapazia yanapepea. Pindo alikuwa amelala ubavu. Alikuwa amebaki mifupa. Mke wake alikuwa anamlowesha midomo kwa pamba iliyochovywa kwenye maji, taratibu, kwa sababu kunywa alikuwa hawezi tena bila kupaliwa. Alichovya, akakamua kwa vidole, akagusisha.

"Shemeji, umekuja," alisema. "Afadhali. Umepona?"

"Naendelea vizuri."

Aliinama sikioni kwa mumewe. "Manyunyu huyu hapa. Mzima. Anatembea kwa miguu yake."

Pindo alifungua macho. Ilimchukua muda kumpata. Kisha uso ukalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo, akatoa sauti ndogo.

"Kila siku anakuulizia," shemeji alisema. "Anasema, nimemponza mtu wa watu. Mimi namwambia, hakukasirikii. Si kweli, shemeji? Mwambie mwenyewe kwa mdomo wako akusikie."

Manyunyu alikuja na maneno yake yote. Alikuwa ameyarudia njia nzima, akiyapanga. Akamtazama mwenzake, midomo imepasuka, pamba imetulia juu yake. Akaona kwamba akiyasema sasa atakuwa anatua mzigo wake juu ya mtu asiyeweza kubeba hata kijiko. Au alijiambia hivyo. Huenda ilikuwa kweli, na huenda ulikuwa woga ule ule umevaa koti jipya. Yeye mwenyewe hakuweza kutofautisha.

"Sikukasirikii, kaka," alisema. "Nimekusamehe."

Pindo alifumba macho. Alikufa kabla ya alfajiri.

Mazishini watu walikuwa wachache na walisimama mbali mbali. Mke wa Manyunyu hakusimama karibu na mumewe. Alipomwona anatoka makaburini alimwuliza, "Ulimwambia?" Alipoinamisha kichwa, akampa kisogo, akaenda kushika mkono wa mjane.

Chumbani Manyunyu aling'oa boksi la dirishani. Majivu yakaruka, akahamishia meza pembeni. Pumzi ya kupuliza hakuwa nayo tena, alitumia chupa kwa kila kitu, na watu wakasema ni ugonjwa wa mwenzake uliomharibia kipaji. Mashine ya Pindo ilikaa pale kushoto imefunikwa kanga mpaka siku mjane alipokuja na mkokoteni kuichukua. Ameipatia mnunuzi, alisema, anahama na watoto kwenda kwa wazazi wake.

Hapo alimwambia. Alimwambia yote, amesimama, pasi inapoa mezani: foronya, damu ya shati, kidole kilichodungwa, suruali nyeusi, poliesta. Hakujitetea. Mjane alisikiliza ameweka mkono juu ya mashine.

"Alijua?" aliuliza.

"Hakujua."

"Alikufa akiamini ni yeye."

"Ndiyo."

Mwenye mkokoteni alichungulia, akaashiriwa asubiri.

"Mimi unaniambia ili iweje?" mjane alisema. Sauti haikupanda. "Mimi siye niliyemtukana. Wapo wanaomtukana mpaka leo. Unawajua mmoja mmoja, nguo zao hizo hapo zimening'inia. Nenda ukawaambie wao."

"Nitawaambia."

"Haya," alisema. Akashika upande mmoja wa mashine, mwenye mkokoteni akashika wa pili. Manyunyu alitaka kusaidia, akamwambia asiguse.

Asubuhi iliyofuata mtu wa bima alileta mashati matano. Aliyamwaga mezani, akaangalia upande wa kushoto ulipobaki utupu na alama za miguu ya mashine sakafuni.

"Afadhali imeondoka," alisema. "Ukiiona unakumbuka. Yule bwana alikufanyia unyama, fundi."

Manyunyu aliinua kichwa. Mlangoni walikuwa wamesimama wateja wengine wawili, wanasikia. Alivuta pumzi mpaka pale ilipokuwa inafika.

"Kesho mchana yatakuwa tayari," alisema.

Pindo amekufa. Mtoto wake wa mwisho alikutwa na ugonjwa naye, akanywa dawa huko ugenini. Mjane wake hajarudi. Mashine imekwenda kwa mtu asiyejua ilikuwa ya nani. Mke wa Manyunyu yupo nyumbani, anapika na kufua, lakini tangu siku ya mazishi hajamwita mumewe kwa jina lolote. Pafu la kulia lina kovu. Jina la Pindo mtaani ni yule aliyeua. Wateja, Manyunyu hakumpoteza hata mmoja.